Ukigongwa na dereva akatoroka, kesi yako huanzia hospitalini

Mapema mwaka wa 2023 mama mmoja auzaye sukumawiki na nyanya hapa mjini Machakos aliingia katika kliniki yangu akichechemea. Hakuja kwa ajili ya mguu. Alikuja kupimwa shinikizo la damu, jambo ambalo natamani wengi wenu mngekuwa na mazoea nalo. Lakini daktari humtazama mtu anavyotembea tangu mlangoni, nami niliona mara moja kwamba mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto. Nilipomwuliza mguu ulipatwa na nini, alicheka.

"Daktari, kumbe umenisahau? Si wewe uliyenipokea usiku ule?"

Usiku wenyewe ulikuwa wa Desemba 2018. Alikuwa akitembea kando ya barabara ya kwenda Kitui, kapu kichwani, wakati pikapu ilipomgonga kutoka nyuma na kuendelea na safari yake bila hata kupunguza mwendo. Mfupa wa paja ulivunjika. Nilikuwa zamu katika hospitali alikopelekwa, na kweli ni mimi niliyempokea, nikamtuliza maumivu na kumlaza wadini, ambako alikaa majuma mengi mguu ukivutwa kwa uzito. Mfupa uliunga, ila uliunga ukiwa umepandana, na hiyo ndiyo sababu ya ule mguu mfupi.

Kisha mama akafungua fundo la leso yake, akatoa kijikaratasi kilichokunjwa mara nne. Juu yake palikuwa na namba kamili ya gari, imeandikwa kwa kalamu ya buluu. Mwendeshaji bodaboda aliyekuwa nyuma ya ile pikapu ndiye aliyeiandika, akamletea wadini siku ya tatu.

"Nilikuwa nangoja nipone kwanza," mama alisema. "Tena huyo dereva simjui jina. Sasa nimepona kiasi cha kupona. Nianzie wapi?"

Ilinibidi nimweleze kwamba kwa sheria ya Kenya mtu aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine ana miaka 3 ya kufungua kesi ya fidia, na miaka hiyo huhesabiwa tangu siku aliyoumia, si tangu siku aliyopona. Muda wake ulikwisha Desemba 2021, karatasi ikiwa imefungwa ndani ya leso.

Baada ya hapo nilimwomba aniletee kadi yake ya zamani ya hospitali. Aliileta wiki iliyofuata. Katika mstari wa kueleza mgonjwa aliumia vipi, kwa mwandiko wangu mwenyewe, palikuwa na herufi tatu tu: RTA, ambazo sisi madaktari huziandika tukimaanisha ajali ya barabarani. Sikuandika ni gari gani, mahali gani, saa ngapi wala ni nani aliyemleta. Mwendeshaji bodaboda yule alikuwa amesimama pale pale mlangoni, namba anayo mfukoni, na mimi sikumwuliza. Wala sikumwambia mama wala jamaa zake kwamba waende kwa polisi. Niliuona mfupa nikadhani kazi yangu imeishia kwenye mfupa.

Nawaandikia leo, basi, kama mtu mwenye deni. Jambo ninalotaka mlishike ni kwamba fidia ya mtu aliyegongwa na gari lililotoroka hupatikana au hupotea katika siku chache za kwanza, wakati mwenyewe yu kitandani na hana habari. Wakili huja baadaye, na hata awe hodari namna gani, hawezi kuumba namba ya gari ambayo hakuna aliyeiandika.

Tuanze na lile la jina la dereva, kwa kuwa ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Hutafuti dereva. Unatafuta gari. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humhesabu yule ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na mwenye gari hujibu kwa makosa ya mtu aliyemwajiri au aliyemtuma aliendeshe. Kwa hivyo dereva anaweza kukimbia mpaka Malaba, lakini gari lina mwenyewe, na mwenyewe ana jina katika rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA. Rekodi hizo raia yeyote anaweza kuziomba kwa malipo kidogo kupitia eCitizen, mradi awe na namba.

Juu ya hayo, Sura ya 405 inamkataza mtu yeyote kutumia gari barabarani bila bima ya kuwalipa watu wengine watakaoumizwa na gari hilo. Kesi ikiamuliwa kwa faida yako, ni kampuni ya bima inayolipa, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja; kinachozidi hapo humwangukia mwenye gari. Sharti ni kwamba kampuni iwe imearifiwa kuhusu kesi katika muda uliowekwa na sheria, nao ni wa siku chache tu tangu kesi ifunguliwe. Ikiwa wakili wako atachelewa kuiarifu, kampuni itakuwa na kisingizio cha kukataa. Mwulize swali hilo siku ya kwanza unapokaa mbele yake, wala usione haya.

Namba basi ndiyo mzizi. Ikiwa wewe ndiwe uliyelala barabarani huwezi kuisoma, na sikutarajii uisome. Nazungumza na wewe unayepita. Katika mji wetu mtu akigongwa watu hukusanyika kwa dakika mbili, na wote humtazama aliyeanguka. Mmoja wenu na ageuke atazame gari. Hata namba nusu ina faida: herufi za mwanzo, tarakimu moja, rangi, kama ni lori au Probox, jina la sako lililoandikwa ubavuni mwa matatu, jina la kampuni kwenye turubali. Vipande vya taa au kioo vilivyobaki lamini visipigwe teke kando. Ni vya polisi. Mpigie picha mahali penyewe kabla ya kumpiga picha majeruhi, ambaye kusema kweli hana haja ya kupigwa picha.

Namba ikikosekana kabisa, bado mlango haujafungwa, ila unafungwa upesi. Vituo vya petroli na maduka mengi makubwa yana kamera, lakini picha zake hufutwa na nyingine mpya baada ya siku au majuma machache. Lori lililomgonga mtu karibu na Makutano ya Kyumvi likielekea Nairobi litakutana na mizani ya Athi River huko mbele, na mizani ina rekodi. Tangu 2022 magari yanayopanda ile barabara ya juu kutoka Mlolongo hupita katika vituo vya kulipia. Kazi ya kuzifuata rekodi hizo ni ya polisi, si yako, lakini nimejifunza kwamba polisi huzifuata zaidi pale ambapo jamaa wa mgonjwa wamekwenda kuuliza mara ya pili na ya tatu.

Ndiyo maana lazima mtu aende kituoni, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Si lazima awe majeruhi. Ndugu, jirani au hata huyo mwendeshaji bodaboda anatosha. Habari iandikwe katika kitabu cha matukio, ile OB, na mkate namba yake na kuiweka. Baadaye mtahitaji abstrakti ya polisi, ambayo ni muhtasari wa ajali, na fomu ya P3, ambayo sisi madaktari huijaza kueleza majeraha. Nimewasikia watu wakisema hawakwenda polisi kwa sababu gari halikujulikana. Nendeni hata hivyo. Gari lisilojulikana leo linaweza kujulikana mwezi ujao, likikamatwa kwa kosa jingine na bonde bichi mbele. Na siku hiyo, asiyekuwa na namba ya OB ataonekana kama mtu aliyezuka na hadithi.

Sasa nirudi upande wangu wa kazi, kwa sababu huko ndiko ninakoona kesi nzuri zikifa.

Kwanza, njoo hospitalini hata kama unajiona mzima. Mwili uliogongwa huwa na hofu nyingi ndani yake na hofu hiyo hufunika maumivu kwa saa kadhaa. Mtu husimama, hujipangusa vumbi, huwashukuru waliomwinua, akaenda zake nyumbani. Asubuhi hawezi kuinuka. Mishipa ya goti iliyokatika haionekani katika picha ya eksirei, na mtu anaweza kutembea nayo mwezi mzima akidhani ni uvimbe tu. Tena kuna jambo la wazee ambalo ningependa kila mwenye mzazi alijue. Mzee akigongwa kichwa, hata kwa kishindo kidogo, damu inaweza kuvuja polepole sana kati ya fuvu na ubongo. Siku ya ajali anaongea vizuri. Wiki ya tatu au ya nne anaanza kusahau majina, kusinzia mchana, kulemaa upande mmoja, na watu wa nyumbani wanasema ni uzee. Si uzee. Huyo hutibiwa, na mara nyingi hupona, akifikishwa mapema. Lakini ukija wiki ya nne na siku ya kwanza hukuonekana na daktari yeyote, mimi nitatibu kichwa, ila wakili wa kampuni ya bima atauliza: ni nani ajuaye kwamba mzee hakuanguka bafuni?

Wengine huenda moja kwa moja kwa mkandaji. Sina ugomvi na wakandaji. Wako wanaokanda kwa ustadi. Lakini mkandaji haandiki, na mfupa uliokandwa kabla ya kupigwa picha hauwezi tena kusema ulivunjwa na nini na lini.

Pili, usifukuzwe kwa sababu ya pesa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na hiyo ni hospitali ya serikali na ya binafsi pia. Bili itakuja baadaye, na hapo weka kila risiti. Mahakama zetu ni kali katika jambo hili: gharama ulizotumia lazima zitajwe katika karatasi za kesi na zithibitishwe moja moja. Ujumbe wa M-Pesa uliomtumia mpwa wako anunue dawa si risiti. Nenda kwa mwenye duka la dawa akuandikie. Na kama umewekewa vyuma mguuni, mwombe daktari aandike mapema kwamba vitatolewa baadaye na kwa gharama gani, kwa sababu gharama hiyo ya mbeleni nayo isipotajwa tangu mwanzo huenda isilipwe, hata kama kila mtu mahakamani anaona vyuma vimo.

Tatu, na hili linanihusu, mwambie daktari au muuguzi maneno haya: "Andika nimegongwa na gari gani." Tukiwa wagonjwa kumi na tano na sisi ni wawili, tutaandika RTA na kukimbilia mwingine. Usikasirike, rudia. Kadi ya saa ya kwanza ina uzito mahakamani kuliko ripoti ndefu niliyoiandika mwaka mmoja baadaye kwa ombi la wakili, maana saa ya kwanza hakuna aliyekuwa akifikiria pesa.

Kuhusu ule muda, yule mama si peke yake. Watu wengi wanadhani ni adabu kupona kwanza. Miaka 3 ni mingi kwa mtu mzima wa afya, lakini kwa mtu mwenye mguu uliovunjika mwaka wa kwanza huliwa na plasta na mkongojo, wa pili na madeni. Na ikiwa gari lililokugonga ni la serikali, muda hupungua na kuwa miezi 12 tu. Mahakama inaweza kukubali kesi iliyochelewa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, na kutojua sheria si mojawapo. Mtoto akigongwa, usingoje akue. Aliyeumia akifariki, jamaa wanaweza kudai kwa niaba yake na kwa niaba ya wale aliokuwa akiwalisha, nao pia wana saa inayowakimbilia.

Kisha kuna wale wanaokuja wodini. Mnawajua. Mtu nadhifu, faili kwapani, anasalimia kwa Kikamba kizuri, analeta soda na mkate, anasema ametumwa na wakili mkubwa wa mjini na kwamba huhitaji kutoa hata shilingi. Anataka alama ya kidole tu. Nimemkuta mgonjwa wangu amewekewa wino kidoleni hali bado ana usingizi wa dawa ya operesheni. Ni marufuku wakili kutafuta kazi kwa kutuma madalali wa namna hiyo, na Sheria ya Mawakili haiutambui mkataba wa wakili kulipwa pale tu anaposhinda, hata kama mtaani mkataba huo ni jambo la kila siku. Matokeo yake ninayaona hapa kliniki: mtu anakuja kuniuliza kama ni kweli kesi yake ililipwa, kwa kuwa amesikia kwa jirani. Wakili mzuri yupo, na wako wengi hapa Machakos. Ila mwendee kwa miguu yako, au mtume ndugu yako, ofisini kwake, akupe risiti na nakala ya kila karatasi uliyotia sahihi.

Nisiwaseme madalali peke yao. Sisi madaktari pia tuna doa. Wako wenzangu ambao mkwaruzo huingia katika ofisi zao ukatoka ukiwa ulemavu wa asilimia 20. Kila ripoti ya uongo humwumiza mkweli anayefuata, maana kampuni ya bima iliyokwisha kudanganywa humtazama yule mama wa sukumawiki kwa jicho lile lile. Na wako wengine, wala si wabaya, ambao wakiitwa mahakamani kutoa ushahidi huwa na safari. Nimekuwa mmoja wao. Kungoja nusu siku kwenye benchi ili kesi iahirishwe si jambo la kupendeza, hasa ukijua foleni iliyoko kliniki. Lakini mgonjwa alikuwa amepanda gari kutoka Masii, na magongo yake mawili, kwa tarehe ile.

Huenda wewe unayesoma ndiwe dereva. Gazeti hili husomwa na wenye magari kuliko wenye makapu kichwani. Mnaniambia, nikiwatibu shinikizo la damu: daktari, nikisimama umati utaniua. Sikatai. Umati wetu umewahi kuwaua watu, na hofu yako si ya kuchekwa. Lakini sheria haikulazimu ufe hapo. Inakutaka usimame, na ikiwa hukuweza kutoa jina na maelezo yako pale pale, ujifikishe kwa polisi mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote kabla ya saa 24 kupita. Endesha mpaka kituo cha karibu, useme, "Nimegonga mtu mahali fulani, tumeni gari." Bima uliyoilipia kila mwaka iliwekwa kwa ajili ya siku hiyo. Mgonjwa anayevuja damu paja likiwa limevunjika anaweza kupoteza damu lita moja au zaidi ndani ya mguu wake, bila tone kuonekana nje, na aliyelala gizani kando ya barabara hana mtu wa kujua kwamba yupo. Simu yako moja ukiwa unaenda zako, hata bila jina, ni dripu.

Sasa nifike penye uchungu. Tuseme mlifanya yote. Mlikwenda polisi, mkauliza mara tatu, kamera hazikuona, hakuna aliyesoma namba. Je, nani atalipa?

Kama ulikuwa kazini, bado kuna njia, na wengi hawaijui. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo mtaani huitwa WIBA, humtaka mwajiri akulipe ukiumia ukiwa katika kazi yake, bila kujali kosa ni la nani na bila kujali gari ni la nani. Bawabu aliyegongwa akifungua lango, kijana wa duka aliyetumwa kupeleka mzigo, mfagiaji wa barabara: hawa hawahitaji namba ya gari. Mwarifu mwajiri upesi na upeleke dai kabla ya miezi 12. Kwenda kazini kwa miguu yako mwenyewe kwa kawaida hakuhesabiwi, ila ukiwa katika gari ambalo mwajiri ameliweka la kuwabeba wafanyakazi, huhesabiwa.

Lakini mama mwenye kapu hana mwajiri. Kwake, katika nchi yetu, gari lisilojulikana maana yake ni sufuri. Zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu, watu ambao hawana bima, hawana gari na mara nyingi hawana mshahara. Bima ya lazima iliwekwa kwa ajili yao hasa. Ajabu ni kwamba inawalinda vizuri kadiri dereva anavyokuwa muungwana, na inawaacha kabisa dereva anapokuwa mhuni. Aliyesimama hulipa. Aliyekimbia akafanikiwa, halipi yeye wala bima yake.

Nchi nyingine zililiona shimo hili zikaliziba. Uingereza, kampuni za bima zina shirika lao, Motor Insurers' Bureau, tangu 1946, ambalo huwalipa hata waliogongwa na dereva asiyepatikana. Afrika Kusini ina mfuko unaojazwa na tozo ya mafuta, nao humpokea aliyegongwa na gari lisilojulikana akidai ndani ya miaka 2. Ila wenyewe hulalamika kwamba mfuko umezama katika madeni, na hilo ni onyo. India ilichagua njia nyembamba zaidi. Tangu Aprili 2022 jamaa wa aliyeuawa na gari lililotoroka hupewa rupia 200,000, na aliyeumizwa vibaya rupia 50,000. Si pesa nyingi, lakini kiwango kinajulikana na hakingoji hukumu.

Mimi napendelea ile ya India. Usiniambie hatuwezi. Wakati kampuni za bima zilipoanguka, United ikiwekwa chini ya usimamizi mwaka wa 2005 na Blue Shield mwaka wa 2011, tayari palikuwapo Mfuko wa Kuwafidia Wenye Bima, unaojazwa kwa tone dogo la ada tunazolipa, ili wadai wa kampuni iliyofilisika wasitoke mikono mitupu. Tumekwisha kukubali, basi, kwamba mtu asiachwe hivi hivi kwa sababu anayepaswa kumlipa ametoweka. Tofauti kati ya kampuni iliyotoweka na pikapu iliyotoweka siioni. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli hulipiwa shilingi 25 za kutengeneza barabara. Sehemu ndogo ya shilingi moja kwa ajili ya wale wanaovunjwa na barabara hizo hizo haitamfanya mtu aache gari nyumbani. Tena Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 ilikwisha kutaja mfuko wa amana kwa waathiriwa wa uhalifu. Kumgonga mtu na kukimbia ni kosa la jinai. Wabunge wetu wa Ukambani, ambao kila wiki hupita Kyumvi wakienda Nairobi, wanaweza kuanzia hapo.

Mtasema wezi wataufyonza mfuko kama huo, kila aliyeanguka mtini atakuja na hadithi ya gari lililotoroka. Watajaribu. Dawa yake ni ile ile niliyoieleza: OB ya siku hiyo, kadi ya saa ya kwanza, jina la aliyemleta. Mfupa uliovunjwa na bampa ya gari huvunjika mahali pake na kwa namna yake, na daktari aliye macho huutambua, akiandika.

Yule mama bado huja kupimwa shinikizo la damu. Nilimtengenezea kiatu cha kulia chenye soli nene kwa fundi mmoja karibu na soko, nacho kimempunguzia maumivu ya kiuno, ingawa anasema hakimpendezi kanisani. Kadi za kliniki yangu nilizichapisha upya mwaka huo huo wa 2023. Mahali palipokuwa na mstari mmoja sasa pana minne: gari, mahali, saa, na aliyemleta mgonjwa pamoja na simu yake. Mstari wa mwisho karibu siku zote hujazwa, na mara nyingi jina lililopo ni la mtu wa bodaboda. Ule wa kwanza bado hubaki mtupu mara nyingi mno.